Filimbi ya Korongoni

Rafiki yangu Thobias, wa Buzebazeba, si mwoga wa maji. Siku hiyo yeye na mwenzake Elikana walikuwa wakishuka kwa mtumbwi mto mdogo wenye maji ya kasi, huko juu ya Kagunga. Desturi yao ilikuwa moja: kabla ya kila poromoko, mmoja hutangulia kwa miguu kukagua, na akiona panapitika hupuliza filimbi mara tatu.

Wakaingia korongoni. Majabali huku na huku, giza mchana kweupe, na mkondo mkali kiasi kwamba kurudi juu hakuwezekani.

“Shika huo mzizi. Usiuachie mpaka unisikie,” Elikana alisema, akaruka ukingoni, akapotelea maweni.

Thobias, peke yake mtumbwini, akaung'ang'ania hadi vidole vikafa ganzi. Maji yalinguruma. Kisha filimbi ikalia huko chini, mara tatu. Alikuwa amekwisha kulegeza mkono mmoja Elikana alipochomoza juu ya jabali, akihema.

“Usije, ndugu yangu. Mti umeziba mto wote. Na filimbi nilisahau kuichukua, unayo wewe.”

Thobias akapapasa kifuani. Ilikuwa inaning'inia shingoni mwake.

Elikana akatupa macho nyuma ya bega la mwenzake, akarudi kinyumenyume taratibu. Filimbi ikalia tena, safari hii ndani ya mtumbwi, mgongoni pa Thobias.