Bangili ya Somoe

Maiti ya Somoe ilikuwa imekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda Inspekta Sihaba alipofika Jibondo. Marehemu alikutwa kifudifudi kwenye shamba lake la mwani, mahali ambapo maji yalikuwa yamekupwa hata hayamfiki mtu magotini. Kaka yake, Muhidini, aligoma asizikwe kabla ya polisi kumwona.

"Ni mumewe," alisema. "Asubuhi walizozana. Shaibu alikuwa anamfokea aivue ile bangili, mtaa mzima ulisikia."

Bangili yenyewe ilikuwa ya vihisi. Dokta Hamoud, mtafiti kutoka chuo kimoja cha bara, aliwavisha wanawake wa mwani ili apime jasho, joto la mwili na mapigo ya moyo, habari zote zikimfikia kwenye simu yake. Alichukua na namba za waume zao. Mwili ukionesha hatari, aliwaahidi, atawapigia.

Sihaba aliomba sanda ifunguliwe upande wa mkono. Alama ya mkanda ilikuwepo. Bangili haikuwepo.

Hamoud, aliyefikia Kilindoni, alihojiwa jioni ile. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kuchagua maneno.

"Mawasiliano yalikatika asubuhi," alisema. "Nadhani mumewe alimvua kwa nguvu."

"Baada ya hapo hukupata chochote?"

"Sikupata."

Daktari aliyeuchunguza mwili alikuta maji kwenye mapafu. "Alizirai akaanguka, au alizamishwa," alisema. "Mwili hauniambii ni lipi."

Basi Shaibu, fundi mashua, akatiwa mahabusu, simu yake ikazimwa na kuwekwa kaunta.

"Kwa nini ulitaka aivue?" Sihaba alimuuliza.

"Mwanamume mwingine anahesabu mapigo ya moyo wa mke wangu. Wewe ungependa?"

"Ukamvua?"

"Alinicheka. Akaenda nayo baharini."

Kisha akaanza kulia. Sihaba alikuwa ameshaona vilio vya uongo mpaka akavichoka, lakini hiki kilimnyima raha.

Alirudi Jibondo kwenye matanga. Safari hii aliacha gwanda, akajitanda kanga, akaketi ndani pamoja na wanawake. Kahawa ikapitishwa, na kwenye mkono uliompa kikombe akaiona bangili nyeusi, kitaa cha kijani kikipepesa. Mkono ulikuwa wa Bi Asmahani, mwosha maiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo umeipata wapi?"

"Haki yangu. Alichofia nacho marehemu ni cha mwosha, au Kirongwe kwenu hamfanyi hivyo? Nilimvua mwenyewe juu ya kitanda cha kuoshea. Ilikuwa imembana, nikatumia sabuni."

Sihaba alikiweka kikombe chini. "Mbona hukusema?"

"Wenzio waliwahoji wanaume. Na mwosha hasimulii aliyoyaona kwa maiti. Wewe umeniuliza kitu changu, nimekujibu."

Hamoud alipoitwa tena kituoni, aliikuta bangili mezani.

"Ulisema ilivuliwa asubuhi."

Hamoud aliigeuza bangili kwa kidole kimoja.

"Alikufa nayo, Dokta. Ina kumbukumbu ndani?"

"Inayo."

"Nikiipeleka kwa wataalamu, itaniambia nini?"

Hamoud akavua miwani, akaifuta kwa shati, asiivae tena.

"Simu yangu ililia," alisema. "Joto lilikuwa limepanda, jasho limekauka, moyo unakwenda mbio. Ililia mara nyingi."

"Ukafanya nini?"

"Nilitazama."

"Ukatazama tu?"

"Hakuna aliyewahi kuunasa mwili wa mtu ukizidiwa na joto, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa bangili. Makala zangu, Inspekta, hazinukuliwi na mtu. Wanafunzi wangu tu, na mimi mwenyewe. Wenzangu wamekuwa maprofesa kwa kunukuliwa. Hii ingenukuliwa dunia nzima. Ningepiga simu, angetolewa majini, mchoro wa takwimu zake ungekatika. Siku zote wanawake wakizidiwa walikuwa wakitoka wenyewe. Nilidhani na yeye atatoka."

"Ukamsingizia mumewe."

"Niliogopa."

"Hizo takwimu ziko wapi?"

"Nimeshawatumia wenzangu ng'ambo. Wamefurahi sana. Siwezi kuzirudisha."

Mkono wa Sihaba ulimwasha kumzaba kibao. Aliukalia.

"Sikumgusa," Hamoud alisema kwa sauti ndogo. "Kosa langu linaitwaje?"

Sihaba alimweka ndani na kuwaachia wanasheria swali hilo. Lakini jina alilotaka kumpa halikuwa kwenye sheria yoyote aliyosomeshwa, na alijiona mnyonge ndani ya gwanda lake.

Kaunta, alimrudishia Shaibu simu yake na kumweleza yote. Shaibu alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mimi nilikuwa pwani palepale," alisema. "Natia mashua kalafati, kuziba nyufa. Nikiinua macho nawaona wote wameinama kwenye mwani. Nitajuaje yupi ameanguka?"

"Usingeweza kujua."

"Namba yangu Dokta anayo." Aliiwasha simu, akaikodolea macho, kisha akamsogezea Sihaba. "Pengine alipiga, afande. Nilikuwa nagonga nyundo, pengine sikusikia. Nitazamie siku ile."

Alikuwa akiomba kosa liwe lake. Sihaba alipekua simu zote za siku ile, zilizopokelewa na zisizopokelewa.

"Hakupiga, Shaibu."

"Tazama tena."

Akatazama tena.