Anayegonga Bado Ana Nguvu

Shuka zilitoka chumba cha kukaushia zikinuka nywele zilizoungua. Msichana aliyeitwa Mrefu alizinusa, akazitia kapuni, akanyamaza. Katika nyumba ile ya kurekebisha wasichana watukutu, iliyojengwa nyikani mbali na barabara, mdomo uliponza kichwa kila siku.

Kazi yao ilikuwa kufua. Mmoja aliingia chumbani kuanika, mwenzake akatia komeo kwa nje ili joto lisitoke, na wa ndani akimaliza aligonga. Kufunguliwa ni mpaka apende mlezi wao, waliyemwita Mama Pasi. Wiki iliyopita Kinanda, shoga wa Mrefu, yule aliyependa kuvumisha nyimbo midomo imefumba, alimjibu mlezi huyo jeuri, akafungiwa humo. Aligonga, akalia, akagonga tena. Mama Pasi akasema, "Anayegonga bado ana nguvu." Walipofungua, walitoa maiti. Wazazi wakaambiwa ni pumu.

Sasa mlango uligongwa tena, mchana kweupe.

"Dada, unasikia?" alinong'ona Kibonge, mdogo wao wote. "Ndani hamna mtu."

"Nasikia. Kunja shuka."

Mama Pasi alimleta mganga. Mzee akatega sikio mlangoni, akarudi kinyumenyume.

"Mama, huyu haondoki kwa ubani. Anamtaka aliyemfungia."

"Wee, usinitishie watoto!" Mama Pasi akampokonya chetezo, akaingia mwenyewe, kifua mbele. Mlango ukajibamiza. Mganga hakusubiri ujira, alitoka mbio.

Kwanza Mama Pasi alifoka humo ndani, kisha akagonga, kisha akapiga mlango kwa viganja vyote viwili huku ile harufu ya nywele ikipenya chini ya mlango na kutambaa mpaka kwenye makapu, miguuni mwa wasichana, kooni mwao, na sauti iliyozoea kuamrisha ikapasuka: "Nifungulieni, wanangu!"

Leo ndiyo wamekuwa wanawe.

Mrefu aliona raha, raha tupu, mpaka akajiogopa.

"Dada, mfungulie, atakufa," Kibonge alilia. "Nani kamtilia komeo?"

Mrefu akatazama. Komeo lilikuwa wazi, linaning'inia. Na huko ndani, chini ya kilio, mtu alianza kuvumisha wimbo midomo imefumba.

Mrefu akaokota ncha za shuka, akamkabidhi Kibonge ncha nyingine.

"Kunja, mdogo wangu. Anayegonga bado ana nguvu."