Ukurasa Aliouchana Lidia

Kila siku Lidia akirudi kutoka shule hapa Kabungu, huvua sare, hula viazi alivyowekewa, halafu hunisimulia aliyofundishwa. Yuko darasa la tano. Mimi bibi yake niliishia la tatu, kwa hiyo mengine ananifundisha yeye.

Jumatatu moja hakusimulia kitu.

"Mwalimu Eufrazia kawasomea nini leo?" nikamuuliza.

"Hamna, bibi. Kitabu cha picha tu."

Nikamwacha. Mtoto hakamuliwi kama nguo.

Alhamisi, nikikunja mkeka wake, nikakuta karatasi chini yake. Ilikuwa picha ya mtoto wa kike aliyejitwika furushi, kashikwa mkono na mama yake, wanavuka mto. Nyuma yao, moshi. Nikakaa chini. Mwaka 1972, nikiwa na miaka sita, tulitoka Burundi hivyo hivyo. Ila mimi sikubeba furushi, nilibeba kuku.

Lidia aliporudi nikamwonyesha ile karatasi. Akaanza kulia.

"Ni kitabu cha mtoto mkimbizi," akasema. "Mwalimu alituambia tuulize nyumbani kama kuna aliyewahi kukimbia vita. Shadrack akacheka, akasema, 'Wakimbizi si wamejaa humu humu darasani!' Nikaogopa, bibi. Wewe uliniambia nikiulizwa niseme kwetu ni Kabungu, basi. Nikauchana ule ukurasa wakati wa mapumziko, ili kitabu kisisomwe tena."

"Mwalimu akasemaje?"

"Alisema ni Minza, kwa sababu yeye ndiye anatunza ufunguo wa kabati la vitabu. Minza aliapa, lakini akanyang'anywa ufunguo. Wanamwita panya wa kabati. Jana na leo hajaja."

"Na wewe ulifanya nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilicheka nao."

Nilitaka kumgombeza, nikajikumbuka mwenyewe. Vyeti vya uraia wa Tanzania tunavyo miaka mingi sasa, lakini bado niliwafundisha wajukuu kunyamaza, kama vile tulikuja na mali ya wizi. Nilidhani namkinga. Kumbe nilimpa hofu, naye akaitupia kwa mwenzake.

Siku hiyo hiyo tulikwenda kwa Mwalimu Eufrazia. Alisikiliza, akashika shavu. "Na mimi nimekosa, mama. Nilimhukumu mwenye ufunguo bila kuuliza wengine."

Tukaongozana watatu hadi nyumbani kwa Makoye, baba yake Minza.

"Shikamoo, mama. Karibuni," Makoye akasema, akatutolea vigoda.

"Marahaba, mwanangu. Minza yuko wapi?"

"Yuko na ng'ombe. Mtoto anayechana vitabu, shule ya nini? Nimemchapa, na sasa achunge tu. Ng'ombe hawana kurasa."

Lidia akapiga magoti. "Baba, siyo Minza. Ni mimi."

Makoye alimtazama, akanitazama na mimi.

"Kwa hiyo nimempiga mwanangu bure," akasema.

Fimbo ikishatua mgongoni hairudishwi.

Minza alipofika na ng'ombe, miguu imejaa vumbi, Mwalimu alimwomba msamaha mbele ya baba yake. Makoye naye akamwambia, "Kesho urudi shule, mama. Ng'ombe nitachunga mwenyewe." Halafu Lidia akamsogelea.

"Nisamehe, Minza."

Minza alikuwa akichora chini kwa fimbo yake. "Nilipokuwa naapa, wewe ulikuwa umekaa dawati moja na mimi. Ulikuwa unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

"Nitarudi shule. Lakini ufunguo sitaki tena."

Kesho yake Lidia alisimama mbele ya darasa akasema ukweli wote. Mwalimu aliniita na mimi. Nikawasimulia watoto jinsi tulivyovuka, na kuku wangu kwapani.

Shadrack akanyoosha kidole. "Bibi, yule kuku mlimla?"

"Alitaga kwanza," nikasema. Wakacheka, na safari hii hawakumcheka mtu. Watoto wanne wakasema kumbe hata bibi zao walikuja hivyo. Minza alikuwa amehamia dawati la mbele.

Tukirudi nyumbani Lidia akaniuliza, "Bibi, Minza atarudi kukaa na mimi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Hilo ataamua mwenyewe. Ulikotoka si aibu, nami nilikosea kukufundisha ukufiche. Lakini kumwachia mwenzako kosa lako, hiyo ndiyo aibu. Ukweli useme siku ile ile, kabla mwenzako hajachapwa."

Akanishika mkono, tukaenda.