Kuku wa Mgeni

Je, wewe umewahi kumchinjia mgeni kuku, ukatandika kitambaa kizuri mezani, na mgeni asifike? Kama hujawahi, Phelista anaujua uchungu wake. Huyu ni fundi wa sare za shule mjini Bungoma, na kwao ni Bumula. Miaka minne iliyopita mchumba wake wa kwanza alikuwa aje kujulishwa kwa wazee. Kuku akapoa, firigisi aliyowekewa baba ikakauka kwenye bakuli, na mchumba hakuonekana tena. Tangu siku hiyo, Phelista akiulizwa habari za ndoa, koo lake linafungwa kama mdomo wa gunia.

Sasa, mwezi wa nne mwaka huu, mama yake alimtuma Kitale kutafuta miche ya parachichi. Soko lilijaa watu, matope hadi vifundoni, naye amevaa gauni la manjano la mifuko miwili, kazi ya mikono yake. Kwenye miche akamkuta kijana mrefu, gambuti za mpira miguuni lakini shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, ananyunyiza maji kwa vidole.

"Unamwagilia ama unabatiza?" Phelista akamwuliza.

"Nabatiza," kijana akasema bila kuinua kichwa. "Huu bado hauna jina. Wewe unaitwa nani, niupatie lako?"

Huyo alikuwa Kagwe. Babu yake alihamia Trans-Nzoia zamani kutoka Nyeri. Phelista akarudi na miche sita na namba ya simu. Kila jioni Phelista akifunga duka lake la ushonaji, Kagwe alipiga, mara kuuliza kama ule mche aliouita Phelista umetoa jani, mara kulalamika ati ameanza kuota anakula mrenda, mboga ya akina Phelista, yeye mtu wa mukimo, viazi vya kupondwa vya Kikuyu.

Jioni moja akauliza kwa upole, "Mrembo wangu, lini nitawaona wazee?"

Koo likafungwa. Rispah, mshauri wa akina mama kanisani kule Kibabii, alikuwa amemfundisha dawa ya hofu: jigonge polepole kwa ncha za vidole ubavuni mwa kiganja, kwenye nyusi, chini ya jicho, juu kifuani, huku ukitaja ukweli wa moyo wako. Phelista akaweka simu juu ya cherehani, akaanza kujigonga kiganja. Akasahau kwamba kidoleni bado ana kile kikofia cha chuma cha kushonea, na mkononi ana bangili. Tik, tik, tik. Neno hakusema.

Kule Kitale Kagwe akasikiliza weee. Halafu akasema, "Kumbe mimi nikiongea, wewe unamwandikia mtu mwingine meseji. Mwambie nimempisha."

Simu ikakatika. Siku tisa Phelista akampigia, hakushika.

Phelista akaenda kulia kwa Rispah. Rispah akataka kujua jambo moja tu, kama alipojigonga alitaja kinachomuumiza. Hakutaja.

"Sasa mwanangu, kujigonga bila kusema ni kupiga hodi halafu ukakimbia."

Basi wakaketi. Phelista akavua kile kikofia, akagonga, akasema, "Ingawa naogopa, najikubali. Naogopa..." Akajisikiliza. "Simwogopi Kagwe. Naogopa kuku apoe tena." Machozi yakamtoka, kisha kicheko, na mabega yakashuka kama mtu aliyetua kuni.

Jumatano akavaa gauni lile la manjano, akapanda gari la Kitale. Sokoni, kwenye miche, Kagwe alikuwa amempa mgongo, ndoo mkononi. Phelista akatoa kile kikofia mfukoni, akavaa, akagonga bangili. Tik, tik, tik.

"Ulisikia hii?"

Kagwe akageuka. Akaelezwa yote, ya kuku, ya koo, ya Rispah. Akaiangalia ile bangili, akaona haya hadi masikioni, akaomba msamaha mara tatu. Kisha akataka afundishwe, maana siku tisa hizo kifua chake pia kilikuwa hakina amani. Phelista akamgonga kwenye nyusi.

"Si unipige pole pole, bana. Mimi si msumari."

Wateja wakacheka. Phelista akaushika mkono wake, akamgonga ubavuni mwa kiganja, mara moja, mara mbili. Koo likaanza kufungwa. Hakukimbia, aliliacha lifungwe, akavuta pumzi, likafunguka lenyewe.

"Kagwe, nataka unioe. Njoo nyumbani Jumamosi. Namwambia mama achinje kuku."