Koma za Ligia

Tangu mama yake azikwe mwezi uliopita, Dobrochna alikuwa akiamka, akila mkate na jibini, akivaa koti, akienda shule, basi. Hakulia wala hakucheka. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na hata imla ya Jumatano, ambayo zamani aliipenda sana, aliiandika ilimradi tu.

Katika darasa lao kule Sandomierz, mji wa Poland, imla ikiisha, wanaoketi dawati moja hubadilishana madaftari na kusahihishana. Ligia, aliyeketi dawati moja na Dobrochna, alifungua daftari la mwenzake, akakuta ukurasa mzima hauna hata koma moja. Alipolirudisha, koma zilikuwa zimejaa, kwa wino uleule wa bluu.

"Umefanya nini?" Dobrochna alinong'ona.

"Nyamaza bwana. Yaliyokupata yanatosha."

Kesho yake, baada ya kuyapitia madaftari, Mwalimu Halszka alitangaza kwamba Dobrochna amewashinda wote, hivyo ndiye atakayekwenda kwenye mashindano ya imla ya mji. Bogusz, aliyekuwa akijiandaa tangu Septemba, aliinama akajifanya anafunga viatu. Dobrochna alimwona. Hakuona fahari wala uchungu. Alijua tu kwamba nafasi ile si yake.

Kengele ilipolia, alibaki. "Mwalimu, zile koma si zangu. Sikuweka hata moja."

"Nani aliziweka?"

Dobrochna alitikisa kichwa.

"Ni mimi, Mwalimu," Ligia alisema kutoka mlangoni, machozi yakimlengalenga. "Nilimwonea huruma."

"Basi atakwenda Bogusz, na sababu utamweleza wewe mwenyewe, Ligia," Mwalimu alisema. Kisha akamsogezea Dobrochna karatasi. "Niandikie sentensi moja. Yoyote ile."

Dobrochna alichukua kalamu. Akaandika: *Mama alipofariki, sikulia.* Koma aliiweka mwenyewe, mahali pake hasa.

"Hata sasa siwezi kulia, Mwalimu," alisema. "Sisikii kitu."

Mwalimu Halszka alivuta kiti, akaketi kati yao.

"Hakuna anayekulazimisha kulia, mwanangu. Koma nazo tutazirudia pamoja kila siku baada ya masomo. Lakini sikilizeni, nyote wawili. Ningeuona ukurasa ule bila koma, ningejua Dobrochna amezidiwa, ningemwita siku ileile. Mkituonyesha kazi ya uongo, sisi watu wazima tutawapita tu, tukidhani mko salama."