Aliyempa Emama Yeshi Tanzia

Emama Yeshimebet, bibi kizee, alilala chali mlangoni mwa nyumba yake, kisogo kikiwa juu ya kizingiti cha mawe na mguu wa kulia umepinda kusikopindika. Mashavuni alikuwa na mikwaruzo mibichi. Kifua kilikuwa kimevilia damu.

Inspekta Gebeyaw alichuchumaa, goti likamlia, akaguna. Baridi ya Debre Birhan asubuhi haina adabu, na hii ilikuwa Kwaresima, hata chai hajaionja. Alikuwa amechoka tangu juzi, na hiyo juzi alikuwa amechoka tangu mwaka jana.

"Muuaji tunaye," alisema Weizero Askale, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Tumemkamata wenyewe, hatukuwasubiri nyinyi."

Muuaji wao alikuwa Zinash, mtumishi wa ndani, mwanamke wa makamo. Mdomo ulikuwa umepasuka kwa makofi ya majirani.

"Ulimpiga?" Gebeyaw aliuliza.

"Sikumgusa, bwana mkubwa. Nilitoka kwenda kusaga nafaka. Nimerudi, nimemkuta chini."

"Nani alikuona mashineni?"

Zinash aliinamisha kichwa. "Nilikuta hawajafungua."

"Mwongo mkubwa!" Askale alidakia. "Na hiyo mikwaruzo je? Alijikwaruza mwenyewe? Na kifua, alijipiga ngumi mwenyewe?"

Majirani wakacheka kwa hasira. Mtoto wa marehemu, mwalimu Endalkachew, alikuwa amekaa kwenye kigoda, blanketi la pamba begani, macho makavu. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu tu: yeye, mama yake na Zinash.

"Pole sana, Ato Endalkachew. Ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Nilitoka alfajiri."

Jibu lilitosha. Gebeyaw alitaka litoshe. Akaamuru Zinash atiwe mahabusu, kesho yake afikishwe mahakamani. Kwa mashahidi kama Askale, asingerudi tena uraiani mpaka nywele ziote mvi.

Mchana akaenda hospitali kuchukua ripoti ya uchunguzi wa maiti, akidhani ni ya kutia sahihi tu.

"Alikufa kwa damu iliyovujia ndani ya fuvu," alisema Daktari Hiwot. "Hakufa palepale. Ila nyonga ndiyo iliyovunjika kwanza, kisha akaanguka."

"Alisukumwa?"

"Sioni alama. Mifupa ilikuwa imechakaa, Inspekta. Mwaka juzi alivunjika mkono kwa kufungua dirisha. Mtu wa namna hii akiruka tu, nyonga inakwenda."

"Bibi kizee aruke? Kwani alikuwa harusini?"

"Kazi yangu mifupa. Kuruka ni kazi yako. Na damu iliyo kwenye kucha zake ni ya mashavu yake. Nimepima, vidole vinalingana na mikwaruzo."

Gebeyaw alimtazama. Ya Weizero Askale hayo, aliyoyasema kwa kejeli.

"Alivaa nini?"

"Gauni na netela, shuka lake jeupe la kujitanda. Mlimleta amejifunika hivyohivyo, pindo la rangi likiwa juu, shingoni."

Inspekta alivuta kiti akakaa. Kule nyanda za juu hata mtoto anajua: siku za kawaida pindo la netela huning'inia chini, siku ya msiba hupandishwa mabegani. Aliliona asubuhi ile kwa macho yake mawili, akalipita. Uchovu nao ni upofu, alijiambia, akajiona ovyo.

Basi bibi aliruka, akajipiga kifua, akajikwaruza mashavu. Alikuwa akiomboleza kwa desturi ya kwao. Lakini mtaa mzima haukuwa na maiti siku ile, isipokuwa yeye.

Alirudi kituoni, akamtoa Zinash mahabusu na kumpa maji.

"Emama alikuwa na mtoto mwingine?"

"Binti, Mulunesh. Alifia Beirut, kazini, miaka mingi sasa. Emama alipewa tanzia, akalia kama inavyopasa. Kisha maradhi ya kusahau yakaifuta. Kutwa anauliza: Mulunesh yuko wapi? Mulunesh amekula? Ukimjibu, kabla hujafika jikoni anauliza tena."

"Unamjibuje?"

"Yuko njiani, atakuja Pasaka. Ndivyo alivyonifundisha mwalimu."

"Hukuchoka ukamwambia ukweli? Sema tu. Hata mimi ningechoka."

Zinash alimkazia macho. "Mie nimpe mama wa watu tanzia peke yangu, kama namwambia chumvi imekwisha? Tanzia huletwa na wazee na akina mama wa chama cha maziko, tena wengi, wapate wa kumshika. Mimi ni mtumishi, bwana mkubwa, si mnyama."

Wapate wa kumshika. Gebeyaw alikwishaziona tanzia nyingi: mjane anaruka, mikono kumi inamdaka. Huyu hakuwa na wa kumdaka.

Akaenda kwa Askale. Alimkuta akimenya vitunguu vya matangani.

"Mlipomkuta Emama chini, mlimtuma nani kumwita mwanawe?"

"Hatukumtuma mtu. Tulikuwa ndiyo kwanza tunamkamata yule shetani, mara Endalkachew huyo, mbio, na bajaji nyuma yake."

"Bajaji ya nini?"

"Si ya kumpeleka mama yake hospi..." Kisu kikasimama kwenye kitunguu. "Yesu wangu."

"Nani alimwambia kuna mgonjwa?"

Askale aliweka kisu chini. Alikuwa akiitazama mikono yake, ileile iliyompiga Zinash makofi.

Uani, vijana walikuwa wakisimika hema la matanga. Endalkachew alikuwa chumbani kwa mama yake, amekaa pembeni ya kitanda. Gebeyaw alifunga mlango.

"Kanisani hukwenda, mwalimu."

Endalkachew alilinyoosha shuka la kitanda.

"Zinash anafikishwa mahakamani kesho. Ana mtoto?"

"Wawili," alisema Endalkachew. "Wako kwa bibi yao."

"Basi sema."

Aliusugua uso kwa viganja. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala.

"Aliniuliza nikimfunga viatu. Mulunesh yuko wapi? Nikamwambia njiani. Nikafunga kiatu cha pili, akauliza tena. Nikasema: amekufa, mama. Mulunesh alikufa."

"Ulichoka."

"Nilichoka, ndiyo. Namwogesha, namlisha, naamka akiamka, na akinitazama ananiita mgeni. Lakini si uchovu tu, Inspekta." Akauchukua mto wa mama yake. "Mulunesh alikuwa dada yangu. Nyumba hii kutwa inamsubiri, na mimi kila siku nasema anakuja. Siku ya tanzia nilikuwa nikimshika mama; sijapata kumlilia. Matanga nitayakaaje ndani ya nyumba inayotandika kitanda chake? Nilitaka mtu mmoja wa kulia naye. Mama yake. Asubuhi moja tu, tulie wote, kisha asahau. Nilijua atasahau."

"Ukaona alivyopandisha pindo."

"Mikono ilikumbuka. Akapiga kelele, akaanza kuruka. Nikasema, mama, kaa, mama, mifupa yako. Nikanyoosha mkono. Mkono mmoja. Nikasikia mfupa."

Nje mtu alipigilia vigingi vya hema.

"Kumwambia mama ukweli hakuna kifungu cha sheria," alisema Gebeyaw. "Kumwacha Zinash apigwe na kufungwa kwa ajili yako, kipo. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilirudi na bajaji nikakuta amekwisha, na watu wamekwisha kuamua. Niseme nini? Kwamba nilimpa mama yangu tanzia peke yangu, nikimfunga viatu? Nilimwogopa Askale kuliko nilivyokuogopa wewe. Mwachie Zinash. Mwambie... hapana, nitamwambia mwenyewe."

Gebeyaw alitoa pingu, akazishika tu mkononi.

"Daktari anasema hakufa palepale. Alisema neno?"

"Alinitazama kutoka pale chini. Akauliza: mbona mimi nalia, nani amekufa?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hakuna aliyekufa. Mulunesh ameshuka kituo cha mabasi, nakwenda kumpokea. Akafurahi, Inspekta. Akanisukuma kwa mkono, akasema: wahi basi, Endale wangu, usimwache dada yako baridini."

Machozi yalikuwa yakimtiririka sasa, na hakuyafuta.

"Endale wangu. Alikuwa hajaniita jina langu tangu dada afe."