Primu ya Mama Tamar na Ahadi ya Orpa

Kila Ijumaa baada ya masomo, Orpa alikuwa na kazi ambazo hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alichota maji, akafagia ua, akawasha makaa, kisha akakaa barazani kuchambua maharagwe huku sikio lake likiwa barabarani. Mama yake alifanya kazi Beni na alirudi nyumbani Butembo mwisho wa juma tu. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya lango ilimfanya ainue kichwa, maana barabara ya Beni, yenye mashambulizi ya vita, si ya kuichezea, na familia haikula kabla mama hajaingia.

Mama huyo, aliyeitwa Mama Tamar, alikuwa mhandisi wa kilimo. Alisimamia ununuzi wa kakao katika kampuni moja ya Beni, akiamua kakao ipi imekaushwa vizuri na ipi irudishwe kwa mwenyewe. Mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa watu wengi mtaani. Juu ya mshahara huo, mara mbili kwa mwaka, kampuni ilimpa primu, yaani malipo ya nyongeza. Primu haikuwa na kipimo kimoja. Kakao ikiwa nyingi na nzuri, primu ilinenepa. Msimu ukiharibika, ilikonda au ilikosekana kabisa.

Safari hii ilikuwa imenona. Orpa alijua, kwa sababu siku chache kabla alimsikia mama akimtajia baba kiasi chake kwenye simu. Papo hapo akaigawa kichwani: mabati mapya ya nyumba, matibabu ya nyanya, na bado ikabaki nyingi. Hiyo iliyobaki akampa rafiki yake Précieux, bila kumuuliza mwenyewe.

Précieux alikuwa msichana mwenye bidii. Wazazi wake walikimbia vita karibu na Kamango, naye sasa aliishi Butembo kwa shangazi yake. Yeye na Orpa walikuwa darasa moja, la nane, na ada ya mtihani wa taifa ilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata.

"Hapana kuhangaika," Orpa alimwambia. "Mama yangu atakulipia. Primu yake inafika Ijumaa."

"Kweli? Ulimuuliza?"

"Iko kama nimemuuliza."

Précieux akaamini. Jioni ile akamwambia shangazi yake kwamba hatauza avoka sokoni baada ya shule kama walivyopanga. Atatumia muda huo kusoma. Shangazi akakubali shingo upande, na meza akampa mtu mwingine.

Ijumaa ikafika, na mama naye akafika salama, nguo zimejaa vumbi. Baba, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu hospitalini. Lakini mjomba Malachie, mfanyabiashara wa vitambaa, alikuja kumsalimu dada yake. Orpa hakungoja mama avue viatu.

"Mama, primu ilifika?"

"Ilifika, Mungu asifiwe. Itatosha mabati na matibabu ya nyanya. Kwisha."

Orpa aliduwaa. "Njo kusema hakuna yenye kubakia?"

"Hakuna. Karibu theluthi imeenda kwa kodi."

"Theluthi? Banakuiba, Mama! Ku mushahara wako banakataka kidogo tu!"

Mjomba Malachie akatikisa kichwa. "Mimi nilikuambia, dada. Primu kubwa ni mutego. Inakupandisha ku kiwango cha juu cha kodi, halafu Leta, serikali yetu, anakula hata mushahara wako wa kawaida. Heri ungeikataa! Ao mara ingine omba bakupatie mu mukono, bila kuandika. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," mama alijibu. "Tena, kaka, hesabu yako haiko sawa. Orpa, leta sahani tatu na ile maharagwe."

Mama akazipanga sahani mezani. Akajaza ya kwanza, akaondoa punje chache tu. Akajaza ya pili, akaondoa nyingi kidogo.

"Huu ni mushahara wangu," alisema. "Pesa za kwanza zinakatwa kidogo, zenye kufuata zinakatwa zaidi. Sahani hizi mbili zimejaa tayari. Sasa primu inakuja. Itaingia wapi?"

"Mu ya tatu," Orpa alisema.

"Yote, mu ya tatu." Mama akamimina maharagwe yaliyobaki, kisha akachota kwa kiganja kizima. "Hapa Leta anachota sana, ju ni pesa ya juu. Lakini angalia vizuri: nimegusa tena sahani ya kwanza?"

"Hapana."

"Na ya pili?"

Mjomba aliinama kuzitazama kana kwamba punje zingeweza kutoroka. "Kumbe mushahara haukuliwa?"

"Hata punje moja. Na hii imebakia mu sahani ya tatu ni yangu. Bila primu, nisingekuwa nayo. Mwezi wenye kuja primu hakuna, na kodi itashuka palepale ilikuwa." Mama akanawa vidole. "Na nikiichukua mu mukono, kwa kificho, nitabaambia nini balimaji wakati ninabarudishia kakao yenye bametia mawe? Kama udanganyifu ni wao peke yao?"

Mjomba akaokota punje iliyodondoka mezani. Ndipo wote wawili wakaona kwamba Orpa analia.

Alieleza yote, tangu simu aliyoisikia mpaka meza ya avoka iliyopotea. Mama alimsikiliza bila kumkatiza.

"Uliahidi pesa ya mutu mwingine," alisema mwishowe. "Tena pesa haijafika."

"Ndiyo, Mama. Tupunguze mabati?"

"Fundi nimeshampa neno langu, na ugonjwa wa nyanya haungoji. Neno lako utalitimiza namna gani?"

Orpa alipangusa uso kwa mkono. "Kesho nitamwambia ukweli. Halafu nitafanya naye kazi mpaka ada itimie."

Asubuhi alikwenda kwa Précieux kabla woga haujamshinda. Précieux alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Nilikataa kazi ju yako," alisema.

"Najua. Twende kwa tantine yako. Mimi njo nitaomba akurudishie kazi."

Sokoni, shangazi, aliyeitwa Tantine Eliane, hakuwalainishia mambo. Meza ilikuwa imekwisha kwenda. Kilichobaki ni kupokea avoka zilizoshushwa kwa chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, kutoka Vuhovi, kuondoa zilizopondeka, na kupitisha nzuri nyumba kwa nyumba kwenye beseni. Wasichana wakakubali.

Ilikuwa kazi ya kuumiza shingo. Mvua ilipogeuza vilima vya Butembo kuwa utelezi, walivua kandambili wakapanda miguu mitupu. Mara moja Orpa alianguka na beseni lote, akalazimika kulipa hasara kwa siku mbili za kazi. Jioni moja wanafunzi wenzao walimwona wakacheka: "Mutoto wa mama wa primu anauza avoka!"

"Nibapatie ngapi?" Orpa aliwauliza. Wawili wakanunua.

Walipopumzika kando ya njia, Précieux alimuuliza maswali ya historia, naye akamuuliza ya hisabati. Mwanzoni Précieux alisema naye maneno machache tu. Polepole, kilima baada ya kilima, kicheko chake kikarudi. Na kabla siku ya mwisho ya ada haijafika, Précieux mwenyewe aliweka ada mezani kwa mkurugenzi wa shule, akapokea risiti.

Jumapili baada ya ibada, mama aliwaita wote wawili wale pamoja. Mjomba Malachie naye alikuwapo.

"Orpa," mama alisema, "ulikosa, lakini haukujificha. Njo maana leo Précieux iko na risiti na wewe uko na rafiki. Mushike neno moja, batoto. Mushahara ni chemchemi, primu ni mvua. Mutu mwenye akili anashukuru mvua ikinyesha, lakini haahidi jirani maji ya wingu. Ikinyesha, kwanza toa haki ya wote, njo kodi, hata kama hakuna mutu anakuangalia. Chenye kinabakia, njo chako. Hicho unaweza kukitolea ahadi."

"Hata mimi nimesikia," mjomba alisema, akijisogezea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Précieux alicheka. Kisha wasichana wakaondoa vyombo, wakapangusa meza, wakafungua vitabu. Mtihani ulikuwa umekaribia.